Jumapili Isiyo na Hodi

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga, Ngamiani. Nina mke na watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume mitano. Mke wangu ni muuguzi. Yeye ndiye aliyepata mkataba hapa Hamburg, Ujerumani, akatangulia peke yake, nasi tukamfuata baada ya miezi minane. Sasa mimi na watoto tuna miezi 11 hapa. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 12. Kwa sasa nasoma lugha.

Tatizo langu ni Jumapili. Najua kuna watu wanakuandikia mambo mazito, ndoa zimevunjika, wengine wamefukuzwa kazi, na mimi nalalamikia siku ya mapumziko. Lakini naomba unisikilize.

Siku nyingine zinakwenda. Nawapeleka watoto shule, nakwenda darasani, narudi napika, tunamsubiri mama yao atoke zamu. Jumapili mji unanyamaza wote. Maduka yamefungwa. Kukata nyasi kwa mashine hairuhusiwi, kutoboa ukuta hairuhusiwi, na kanuni za jengo letu zinakataza hata kufua kwenye mashine zilizoko chini. Mwezi wa pili tangu tufike nilibeba chupa tupu nikaenda kuzitupa kwenye pipa kubwa la vioo lililopo kona. Nilikuwa nimetupa mbili tu. Dirisha la juu likafunguka, bibi mmoja mwenye mvi akatikisa kidole, akasema neno moja: "Sonntag," yaani Jumapili. Nikarudi na mfuko wangu. Njia nzima chupa zilikuwa zinagongana, na kila zikigongana najiona kama mwizi.

Januari tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwetu, imeandikwa kwa mkono, mwandiko safi kabisa. Wanatuomba watoto wasikimbie ndani, hasa Jumapili mchana. Haikuwa na tusi hata moja, na adabu ile ndiyo iliyoniumiza zaidi. Tangu siku hiyo nawavalisha soksi nene, na kila wakiinuka nawaambia "taratibu." Wiki iliyopita dadake alicheka kwa sauti, yule mdogo akamziba mdomo kwa kiganja, akamwambia, "Shh, Jumapili imelala."

Mama, kwetu Jumapili mlango haufungwi. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Shemeji anakuja kwa baiskeli, kuku ananing'inia kwenye usukani. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri, na mtoto wa jirani anakula kwako bila mtu kumuuliza ametoka wapi. Huku tangu tufike hakuna aliyewahi kutupigia hodi isipokuwa mleta vifurushi.

Mke wangu anaipenda siku hii. Akiwa hana zamu analala mpaka saa nne, anakunywa chai yake dirishani, hasemi kitu, anatabasamu tu. Nikimwambia tutoke au tualike watu ananijibu, "Baba watoto, niache leo. Kengele za wagonjwa bado zinalia kichwani." Tumegombana mara mbili. Mara ya mwisho nilimwambia ameshakuwa Mjerumani. Alilia. Niliomba msamaha, lakini neno likishatoka limetoka.

Saa kumi jioni za huku, kwao saa kumi na mbili, mama yangu anapiga simu kutoka Tanga. Nashuka kwenye chumba cha kufulia ili nisimwamshe aliyelala. Jumapili hakuna mtu kule. Ananiuliza habari za watoto, za baridi, za wanafunzi wangu. Namwambia wote wazima. Nikipanda ngazi kurudi juu nakuwa sina nguvu hata za kuwasha taa.

Sinywi, na sina mwanamke wa nje. Ni ukimya tu. Nimwambie mke wangu turudi nyumbani? Au nifanyeje na hizi Jumapili?

Baba wa Wawili, Hamburg


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili za mwanzo niliiona Jumapili. Mara ya tatu nikakiona chumba cha kufulia. Tutashuka huko, lakini acha nianze na Jumapili, kwa sababu naifahamu.

Niliishi Köln, huko huko Ujerumani, miaka sita, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati ule mambo yalikuwa makali kuliko yako. Sheria ya maduka ya mwaka 1956 ilikuwa bado inabana, na Jumamosi walifunga saa nane mchana, isipokuwa ile ya kwanza ya mwezi. Ukisahau chumvi, umeisahau mpaka Jumatatu. Jumamosi moja nilikuwa nimeshakata nyama, nimeshaosha mchele, nikagundua sina kitunguu. Nilikuwa na jirani kulia na jirani kushoto, na sikuthubutu kugonga mlango wa yeyote kati yao. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na kisu mkononi, nikalia kilio cha msiba. Kwa hiyo usiniambie kwamba tatizo lako ni dogo.

Ila kitu kimoja nilichelewa sana kukijua, nawe nataka ukijue mapema. Ukimya ule haukusemi wewe. Umeandikwa kwenye katiba yao. Tangu mwaka 1919 Jumapili imelindwa kama siku ya kupumzika kazi, na walipotunga katiba mpya mwaka 1949 kifungu hicho wakakichukua kama kilivyo. Vyama vya wafanyakazi na makanisa, watu wasioelewana kwa mengi, kwa hili wanasimama pamoja, ili muuza duka naye akae na wanawe siku moja. Hapo kwenu Hamburg maduka yanaruhusiwa kufungua Jumapili zisizozidi nne kwa mwaka. Bibi wa dirishani angemtikisia kidole hata mjukuu wake.

Na mkeo je? Jumapili nyingine yeye yuko wodini wakati mji wote umelala. Ikifika yake ya kupumzika, ana haki nayo kuliko wengi. Usimnyang'anye.

Kuhusu watoto nitasema kwa nguvu kidogo. Vua hizo soksi. Mtoto wa miaka mitano anayemziba dadake mdomo ndani ya nyumba ya baba yake ameshajifunza kitu kibaya, na amejifunza kutoka kwako, si kwa jirani. Ujerumani yenyewe ilitunga sheria mwaka 2011 kwamba kelele za watoto kwenye chekechea na viwanja vya michezo zisihesabiwe kama kero ya kawaida, na majumbani mahakama zao zimekuwa zikikubali kwamba mtoto mdogo atakimbia na atalia. Kinachotakiwa kwako ni busara. Saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kulala. Mchana, kama kanuni za jengo zinataja mapumziko ya saa saba mpaka saa tisa, mpira usidundishwe ndani. Tandika zulia zito chumbani kwao. Kucheka wacheke.

Halafu pika mahamri. Usiende Jumapili, nenda Jumamosi kama saa kumi jioni, wewe na watoto wote wawili, na sahani imefunikwa kitambaa. Gonga kwa yule wa chini yako, sema jina lako, watoto waseme yao, mwambie karatasi mliisoma na mmetandika zulia. Kijerumani chako cha darasani kinatosha kwa hayo. Usiingie ndani hata akikukaribisha nusu nusu, mara ya kwanza mpe sahani uondoke. Mtu anayeandika karatasi ya adabu namna ile alikaa muda akichagua maneno. Pengine alikuogopa kama ulivyomwogopa wewe. Mimi sahani yangu ya kwanza ilirudi baada ya siku tatu, imeoshwa, na ndani yake mna kipande cha keki ya matofaa. Kitunguu sikukikosa tena.

Sasa asubuhi ya Jumapili. Umesema mkeo analala mpaka saa nne. Hizo saa ni zako na watoto, na uko kwenye mji wenye bahati. Soko la samaki la Altona, pale kando ya mto Elbe, linauza Jumapili asubuhi tangu mwaka 1703. Kiangazi linaanza saa kumi na moja alfajiri, wakati wa baridi saa moja, na saa tatu na nusu wanafunga. Wachuuzi wanapiga kelele, wanataniana na wateja, wanarusha samaki na ndizi ndani ya mifuko ya watu. Mtoto wa Tanga asikose mahali hapo. Wavishe vizuri, wapakate kwenye treni wakiwa bado na usingizi, waache wapige kelele pamoja na wachuuzi mpaka wachoke. Mkirudi na samaki wenu mama yao ndiyo anaamka, amelala kwenye nyumba tulivu, na nyinyi mmeshashiba sauti. Asubuhi moja, kila mtu kapata chake, na hamjagombana.

Jumapili nyingine wapeleke Ohlsdorf. Ni makaburi, usishtuke. Ni bustani ya hekta karibu 390, mabasi yanapita ndani, na watu wa Hamburg wanakwenda kutembea huko na watoto kama sisi tunavyokwenda ufukweni. Amezikwa humo Bi Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Alifika Hamburg mwaka 1867 na mumewe Mjerumani, na mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu ya farasi akafa. Akabaki na watoto watatu wadogo, baridi, na lugha ambayo alikuwa ameanza kujifunza ukubwani. Kurudi Unguja alirudi kutembea tu, mwaka 1885 na 1888. Waonyeshe wanao lile kaburi. Waambie Kiswahili kimesemwa na mama mtu mzima kwenye mji huu zaidi ya miaka 150 iliyopita, kwa hiyo wasikione kama kitu cha kunong'ona. Na mkiwa njiani semeni Kiswahili kitupu, kwa sababu yule wa miaka mitano ndiye atakayekipoteza kwanza. Hukuniambia hilo, lakini najua wakicheza wao wawili sasa wanacheza kwa Kijerumani.

Wageni nao. Kwetu nyumba inajaa bila wewe kufanya kitu. Mtu anapita, anaona mlango wazi, anaingia. Huko nyumba haijai mpaka mtu aijaze, na kuijaza ni kazi kama kazi nyingine: unapiga simu wiki mbili kabla, unataja saa, unauliza kama wanakula samaki. Umesubiri hodi miezi 11. Haitakuja mwanangu, mpaka wewe uende kuiita. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu mwaka 2010. Watanzania wapo, na Wajerumani waliokaa Tanzania wanaokumbuka mbaazi kuliko wewe wapo. Wenzako wa darasa la lugha wapo, nao wanakaa peke yao Jumapili hiyo hiyo. Chukua ratiba ya zamu ya mkeo, kaeni nayo mezani, achague yeye Jumapili moja ya mwezi ya kupokea watu. Siku hiyo upike wewe, uoshe vyombo wewe. Yeye awe mgeni.

Basi tushuke chini.

Unasema mama yako anakuuliza habari za wanafunzi wako, nawe unamjibu wote wazima. Wanafunzi gani, mwanangu?

Umenieleza vizuri chupa mbili zilizoanguka kwenye pipa. Umenieleza mwandiko wa karatasi. Kuhusu kazi yako umeniandikia maneno manne, "kwa sasa nasoma lugha," ukakimbia. Kama nimekosea, nisamehe. Lakini naona kwamba mama anaamini unafundisha huko, na wewe hukumwambia hivyo kwa nia mbaya. Pengine mwezi wa kwanza alishawaambia majirani, ukaona aibu kumrudisha nyuma. Sasa kila Jumapili saa kumi unashuka kwenye chumba kitupu kuutunza uongo huo, halafu unapanda ngazi huna nguvu za kuwasha taa. Siku nyingine za wiki kelele zinakufunika. Jumapili hakuna cha kukufunika.

Kwa hiyo uliponiuliza urudi nyumbani, jibu langu ni hapana, si sasa na si kwa sababu hii. Utarudi na uongo ule ule, na utamrudisha mwanamke ambaye hana kosa.

Anza na yeye. Yule uliyemwambia amekuwa Mjerumani alikaa miezi minane kwenye mji huo bila wewe na bila watoto. Hesabu mwenyewe, ni Jumapili zaidi ya 30. Umewahi kumuuliza alizipitishaje? Sidhani. Mngoje amalize chai yake dirishani, kaa karibu, muulize hilo kwanza, usikilize mpaka mwisho. Inawezekana tabasamu unaloliona ni la mtu ambaye kwa mara ya kwanza ananyamaza ndani ya nyumba yenye watu wake. Kisha mwambie habari ya chumba cha kufulia. Msamaha uliouomba mwanzo ulikuwa wa neno. Huu utakuwa wa jambo lenyewe.

Na kazi usiiache inyamaze. Kufundisha shule za serikali kwao ni njia ndefu, kuna vyeti vya kutambuliwa na lugha ya kiwango cha juu, sitakudanganya. Lakini miaka 12 mbele ya watoto haipotei. Kozi ya lugha kwa wageni ni vipindi 600. Ukiimaliza, nenda kwenye shule ya binti yako uulize nani anasimamia watoto mchana. Kuna sheria inayowapa watoto wa shule za msingi haki ya uangalizi wa kutwa, kuanzia na darasa la kwanza la Agosti 2026, na kote Ujerumani watu wa kazi hiyo hawatoshi. Watakuomba cheti cha polisi cha mwenendo mwema, nawe unacho cha kuonyesha. Kabla ya hapo mpeleke mdogo kwenye klabu ya mpira ya mtaa na ujitolee kupanga koni na kufunga kamba za viatu. Mwalimu anajulikana akishainama mbele ya mtoto, hata kama vitenzi vyake bado vinamchanganya.

Kama mwezi wa nne utafika, mwanga umerudi, na umeshayasema yote haya, lakini bado mwili unakataa kuinuka, nenda kwa daktari wa familia umwambie kama ulivyoniambia mimi. Mkeo muuguzi atakuonyesha njia.

Jumapili hii simu ikilia usishuke. Pokea jikoni, mkeo ameamka, watoto wapo, wamwamkie bibi yao kwa sauti wanayoitaka. Mama akiuliza wanafunzi, mwambie: mama, sijapata kazi ya kufundisha, niko darasani mimi mwenyewe, nakaa dawati la pili. Atanyamaza kidogo. Usiukimbilie ukimya huo kuujaza. Halafu atakuuliza kama unakula vizuri, nawe umjibu kweli.

Mpe salamu zangu mama watoto, akiamka.